Reli ya bustani ya mvuke: nifuate vipimo, au nifuate Voi ninayoikumbuka?

Mwana wa Fayamani (Sheffield)

Hamjambo wote. Nina swali ambalo limeninyima raha tangu Jumamosi iliyopita. Nimelileta hapa kwa sababu nataka kulijadili na watu ambao nikitaja Voi hawaniulizi iko wapi.

Nyuma ya nyumba nina reli ya bustani, yaani treni ndogo ya mfano. Upana wa njia ni milimita 45, mzunguko mmoja wa mita 34, pamoja na njia ya pembeni mbele ya stesheni. Injini ninayo moja tu, lakini ni ya mvuke wa kweli: boila ya shaba, inachoma gesi ya buteni, presha haizidi paundi 40, na nikiijaza maji inakwenda dakika ishirini na tano hivi. Niliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika, ya kijani, umbo la zile injini fupi za machimbo ya mawe kule Wales. Nimeipaka rangi ya damu ya mzee, kama injini za East African Railways. Mabehewa nimeyaunda kwa mbao mimi mwenyewe, manne ya mizigo na moja la gadi.

Udongo wa kando ya reli ulinichukua majira ya baridi mazima. Udongo wa hapa ni mweusi na unyevunyevu, nami sikuweza kuvumilia kuiona Voi yangu imelala juu yake. Nikatafuta matofali mekundu ya nyumba iliyobomolewa, nikayaponda kwa nyundo ndani ya gunia, nikachekecha vumbi lake na kulimwaga. Mvua ikinyesha linatiririka kidogo, linaacha michirizi myekundu juu ya mataruma, na hapo ndipo panapofanana na kwetu kuliko popote pengine. Nyuma ya stesheni nimepanda mimea midogo yenye majani manene yaliyochongoka, mistari sita. Ndiyo shamba langu la mkonge.

Baba alikuwa fayamani, mtunza moto, wa zile Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke. Mimi nilizaliwa kwenye kota za reli pale Voi. Siku moja mwaka 1972, nikiwa na miaka minane, alinipandisha kwenye injini imesimama inanyweshwa maji. Hakunieleza chochote. Alikuwa ameshika valvu ndogo ya mafuta, anaizungusha kidogo sana, huku ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Mngurumo wa moto ukabadilika, ukawa wa chini zaidi, naye akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyejibiwa. Kisha akanishusha. Reli yangu yote hii naijenga kwa ajili ya dakika zile tano.

Sasa, Jumamosi alikuja mgeni, mzee wa hapa Sheffield mwenye mikono ya dhahabu kwa kazi hizi. Akainama, akatoa rula. Akasema injini yangu ni ya kipimo cha 1:19, yaani imepunguzwa mara 19, na kwa kipimo hicho njia ya milimita 45 inasimamia reli ya kama sentimita 86, wakati reli ya Kenya ilikuwa ya mita moja kamili. Akasema injini za umbo hili hazikuvuta treni Voi hata siku moja. Akaongeza kwamba mtu anayetaka uhalisia huchoma makaa, si gesi. Hakusema kwa ubaya. Lakini alipoondoka nilibaki nimesimama pale na kitambaa cha mafuta mkononi, nikaiona injini yangu kama mtu aliyevaa koti la kuazima.

Jambo la pili ni mwendo. Mwanzo inagoma. Halafu inachomoka ghafla. Upande wa ukuta wa jirani inaruka, upande wa banda inahema na kusimama, na stesheni inaipita kama inayofukuzwa. Tena siku za joto mvuke hauonekani kabisa.

Kwa hiyo nauliza: niuze, nianze kuweka akiba ya Garratt yenye vipimo sahihi? Nimepiga hesabu, injini halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita 32, kwa hiyo ya kipimo cha 1:22.5 itazidi mita 1.4, ndefu kuliko meza yangu ya kazi. Au niendelee na hii? Nyinyi mnashikilia nini, na mnaachia nini?

Bint Tanga (Nordhausen, Ujerumani)

Kaka, pole, lakini mgeni wako kasema kweli kuhusu vipimo. Ni bora ukubali mapema, kwa sababu jicho likishaambiwa halisahau. Mimi ndivyo nilivyo: nikiona mlango ambao mtu wa sanamu wa kipimo kile hawezi kupita bila kuinama, treni nzima inanifia.

Njia ya milimita 45 ukiitumia na kipimo cha 1:22.5 inakuwa reli ya mita moja. Ndiyo hesabu waliyoichagua LGB, watengenezaji wa treni za mfano, pale Nürnberg mwaka 1968, wakiwa na reli nyembamba za Ulaya akilini, na sisi wa Tanga na Voi tumepata bila kuomba. Ninapoishi mimi, reli ya milima ya Harz ina upana huohuo wa mita moja, karibu kilomita 140, na treni za mvuke zinapanda mpaka Brocken, stesheni iliyo mita 1,125 juu ya bahari. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilikwenda mwisho wa jukwaa, nikaitazama ile nafasi kati ya reli mbili. Nilikulia Korogwe. Nafasi ile naijua kwa hatua ya mguu. Nililia, nisikufiche.

Kwa hiyo kwangu uhalisia unaanzia pale chini, kati ya reli na reli. Injini zangu mbili, mabehewa, ngazi, mapipa, vyote ni 1:22.5, na kitu kisichokubali kipimo hakiingii bustanini hata kikiwa kizuri vipi.

Ila usiuze. Injini yako ina nyumba nyingine inayoifaa zaidi. Mashamba ya mkonge ya kwetu yalikuwa na vireli vyake vya milimita 600, vya kubebea majani kutoka shambani hadi kiwandani. Ukiyasogeza magurudumu ya injini yako mpaka milimita 32 (nyingi za aina hiyo zinaruhusu, angalia kama ekseli zako zina skrubu), kwa kipimo cha 1:19 unapata milimita 600 na kidogo. Mkonge umeshaupanda. Udongo mwekundu upo. Badala ya Voi stesheni inakuwa shamba jirani na Voi, na hapo hakuna mwenye rula atakayekuuliza kitu.

Kama hutaki, basi angalau kila kilichoko bustanini kiwe cha 1:19. Mtu wa sentimita 170 awe na urefu wa milimita 89. Watu wa 1:22.5 wana milimita 76, na ukiwachanganya wanaonekana watoto na baba zao.

Fundi wa Changamwe

Mdogo wangu wa Sheffield, nimesoma maneno yako mara mbili. Niliingia karakana ya reli Nairobi mwaka 1969 kama mwanagenzi, upande wa boila. Hizo 59 nimelala chini yake. Marehemu baba yako huenda tulipishana.

Nianze na makaa. Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer Peacock pale Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, yaani ng'ambo ya milima tu kutoka hapo ulipo. Zote zilichoma mafuta mazito. Koleo la makaa halikuwemo. Fayamani alikuwa na valvu ya mafuta, valvu ya mvuke wa kuyapulizia, macho yake ya kutazama moshi na masikio yake. Moshi mweusi, mafuta yamezidi. Usipouona kabisa, hewa imezidi, unapoza boila. Alitafuta ule ukungu mwepesi katikati, na alipokuwa hawezi kuuona bomba usiku alisikiliza. Ndicho alichokuwa anafanya siku ile ulipopandishwa. Mara mojamoja, injini ikiwa inavuta kwa nguvu mlimani, alitupa mchanga kwa kijiko kikubwa kwenye tundu la moto, ukavutwa na hewa kupitia mirija na kukwangua masizi. Wingu jeusi lililotoka hapo mlilifahamu nyinyi watoto wa kota, na mama zenu walioanika nguo walilifahamu zaidi.

Sasa injini yako ya gesi: unafungua valvu ndogo, unasikia mngurumo, unaipunguza mpaka sauti itulie. Mzee mwenye rula ana haki yake, injini za kwao zilichoma makaa. Wewe ukichoma makaa bustanini utakuwa umefanya kazi ya baba yake, si ya baba yako.

Na mvuke kutoonekana siku ya joto, hilo usilisikitikie hata kidogo. Mvuke mweupe mzito ni wa nchi ya baridi. Voi saa nane mchana ulikuwa unaona hewa inatetemeka juu ya bomba, basi. Wanaopenda mawingu meupe wasubiri Novemba. Wewe endesha Julai, jua likiwa kali.

Ila mwendo wako ni mbaya, na hapo sitakubembeleza. Chukua treni ya mizigo ya kilomita 40 kwa saa. Gawa kwa 19. Inabaki kama sentimita 58 kwa sekunde. Mzunguko wako wa mita 34 unatakiwa uchukue dakika nzima. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona wewe unaumaliza kwa sekunde ishirini, yaani treni yako ya Voi inakwenda zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Hakuna rangi itakayoficha hilo. Mtu anaweza kukosea sentimita kumi na nne za upana, na mwenye kuipenda reli akasamehe. Treni ya mizigo ikiruka kama sungura, hata mtoto anajua ni kitu cha kuchezea.

Fanya hivi. Kugoma mwanzoni ni maji. Silinda ni za baridi, mvuke unageuka maji mle ndani, pistoni inasukuma maji. Fungua mvuke kidogo sana, isukume kwa mkono mbele na nyuma mara kadhaa mpaka iteme maji yote bombani. Weka kitambaa, maana yanatoka na mafuta na ni ya moto. Ukiona mtemo umekuwa mkavu, iachie.

Kuchomoka ghafla ni wepesi wa treni. Mabehewa matano ya mbao tupu ni sawa na hakuna. Injini ya mvuke inataka mzigo, ndio unaoituliza. Tafuta nati za chuma, zigandishe chini ya sakafu za mabehewa, ongeza mpaka uone injini inaanza kufanya kazi kweli na unasikia kila pumzi yake peke yake.

Halafu chukua pimamaji, uzunguke njia yote ukiwa umepiga magoti. Upande wa banda umepanda, au upande wa ukuta umezama. Sentimita moja kwa kila mita ni mlima kwa injini kama hiyo. Inua kwa kokoto, kidogokidogo, pima tena.

Mwisho ule mkono wa regulata, valvu ya kupeleka mvuke kwenye silinda. Kama ni mfupi, kusogea kwa ncha ya kidole ni kufungua nusu nzima. Urefushe kwa kipande cha waya wa shaba, uwe mara tatu. Hapo ndipo utaanza kuendesha. Na gesi uipunguze. Valvu ya usalama ikiwa inapuliza muda wote, unachoma gesi kuwapa mvuke ndege wa jirani.

Kuhusu hilo la Bint Tanga la mkonge, ni wazo zuri na vireli hivyo vilikuwepo kweli. Lakini swali ni la mwenye bustani. Baba yako hakufanya kazi mkonge.

Jambo moja tu nakuomba. Kama umebandika namba ya 59 kwenye injini hiyo, iondoe. Rangi paka, udongo mwaga. Ile namba ilikuwa ya mashine ya tani 252 na watu waliungua mikono kwa ajili yake.

Kibe wa South B

Shikamooni wazee. Mimi sina injini, nina simu na muda. Nilipita Makumbusho ya Reli hapa Nairobi leo mchana. 5918, Mount Gelai, bado imesimama pale, nimeizunguka kama nusu saa. Kitu ambacho picha hazionyeshi ni kwamba rangi si moja. Kwenye ubavu wa tangi la mbele, panapopigwa jua, imekuwa karibu na waridi. Chini ya boila, kivulini, bado ni damu ya mzee kabisa, nyeusi-nyeusi. Kama umepaka rangi moja injini nzima, pengine ndiyo maana inaonekana kama koti la kuazima. Siku zile ikiwa kazini ingekuwa na vumbi na mafuta juu yake pia. Naweza kukutumia picha za karibu.

Mwana wa Fayamani (Sheffield)

Nimekaa kimya wiki tano. Nilikuwa nimepiga magoti na pimamaji.

Mzee wangu wa Changamwe, shikamoo. Namba ilikuwepo. Niliibandika 5911 pande zote mbili, nami sikuwaambia hapa, labda kwa sababu moyoni nilijua. Nimeing'oa. Imeacha alama ya gundi ambayo bado haijatoka vizuri, na sasa ubavuni hakuna kitu.

Upande wa banda ulikuwa umepanda sentimita sita katika mita nne. Sita! Miaka miwili nimekuwa nikiilaumu injini. Nimeinua upande wa ukuta kwa kokoto, jioni tatu mfululizo, mke wangu akinishikia tochi. Nati za chuma nimepata kopo zima, mabehewa sasa ukiyanyanyua unashtuka. Mkono wa regulata nimeurefusha kwa waya wa shaba mpaka unachungulia nje ya paa, si mzuri wa kutazama, lakini kwa mara ya kwanza nahisi kitu kidoleni.

Bint Tanga, ulichonieleza kuhusu mkonge kilinikalia kichwani siku nyingi. Nililala nacho. Skrubu za ekseli zipo, ningeweza kubadilisha kwa dakika kumi. Nikaishika bisibisi. Halafu nikaona sitaweza: nikisimama pale bustanini nataka niwe nasubiri treni ya kutoka Mombasa, na kwenye shamba la mkonge hakuna wa kumsubiri. Kwa hiyo njia imebaki milimita 45, nami najua ina makosa ya sentimita kumi na nne, na nimeamua kuishi nayo. Lakini kwa mengine yote nimekufuata. Watu wangu walikuwa wa vipimo vitatu tofauti. Nimewatoa wote, nimebakiza mmoja wa milimita 89, amesimama peke yake mwisho wa jukwaa.

Kibe, asante sana kwa picha, mdogo wangu. Nimechanganya rangi ileile na nyeupe kidogo, nikaisugua juu ya tangi kwa sifongo kavu, na chini nimeacha kama ilivyokuwa. Vumbi la matofali nimelipuliza kwa mdomo kwenye mafuta yaliyokuwa hayajakauka.

Jumapili ilikuwa nyuzi 29 hapa, jua la kweli. Niliwasha saa tisa. Niliisukuma mbele na nyuma mara saba, ikatema maji meusi kwenye kitambaa mpaka ikakauka, kisha nikaiachia na mabehewa matano. Mke wangu alikuwa na saa. Mzunguko wa kwanza sekunde 49. Nikafunga kidogo. Wa pili 57. Wa tatu 61. Upande wa banda ilipunguza, nikasikia pumzi nne nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, nzito, zimeachana, na haikusimama. Mvuke haukuonekana hata chembe. Juu ya bomba ukuta wa jirani ulikuwa unatetemeka.

Nikaisimamisha stesheni. Zamani nilikuwa nasimamisha kwa sababu gesi imekwisha. Safari hii niliiacha pale dakika tatu nzima, kama inanyweshwa maji. Valvu ya usalama ikaanza kupuliza, nikainama kupunguza gesi, nikazungusha kile kijiskrubu kidogo sana, na mngurumo ukashuka. Nilikuwa nimeinamisha kichwa upande. Sikujua mpaka mke wangu aliponiuliza nasikiliza nini.

Mzee mwenye rula anakuja tena Jumamosi. Nimemwalika mwenyewe, na nitampa regulata aendeshe yeye.

Bint Tanga, mlango wa behewa la gadi nilikuwa nimeukata kwa kukisia, na sasa yule mtu wa jukwaani hapiti. Mlango wa mita 1.80 kwa kipimo changu ni milimita ngapi?

Bint Tanga (Nordhausen, Ujerumani)

95. Na kizingiti usikisahau.